Mwendo mrefu, vipindi vya kasi au vyuma? Tafiti zinavyosaidia kuchagua mazoezi

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mkimbiaji atakwambia hakuna kama kilomita nyingi za mchakamchaka. Mpenzi wa mazoezi mafupi ya kasi atakuapia kwamba dakika zake kumi zinatosha kufuta saa nzima yako. Mnyanyua vyuma naye atawacheka wote wawili kwa miguu yao myembamba. Kila mmoja ana utafiti wa kukuonyesha, na mara nyingi utafiti huo ni wa kweli. Kinachopotea njiani ni habari ya nani alipimwa, kwa muda gani, na alipimwa nini hasa.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usihangaike kuutafuta. Ugomvi wa taratibu dhidi ya kasi umekuzwa kuliko unavyostahili. Pengo la kweli liko kati ya hizo mbili kwa upande mmoja na vyuma kwa upande mwingine, kwa sababu hapo ndipo njia moja inaposhindwa kabisa kufanya kazi ya mwenzake.

Kipimo ambacho kila mtu anakitaja

Ukisoma tafiti za mazoezi hutachelewa kukutana na VO2max, yaani kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja. Msingi wa kipimo hiki uliwekwa katika miaka ya 1920 na Archibald Hill, mwanafiziolojia wa Uingereza, ambaye alikuwa akikimbia mwenyewe huku amebeba mfuko wa kukusanyia pumzi anayoitoa. Siku hizi unavalishwa barakoa yenye bomba, unapanda kwenye mashine ya kukimbilia, na kila baada ya dakika chache mwendo unaongezwa au mashine inainuliwa kama mlima, mpaka unyanyue mkono kwamba umeshindwa. Jibu hutolewa kwa mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wako kwa dakika. Wanariadha bora wa mbio ndefu huvuka 70. Mtu mzima anayekaa kutwa kwenye kiti anaweza kuwa kwenye 30 au chini yake.

Namba hii si ya wanariadha tu. Mwaka 2018 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 122,007 waliowahi kupimwa uwezo wao kwenye mashine ya kukimbilia. Waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi walikufa kwa uchache zaidi katika miaka iliyofuata, na haikuonekana sehemu ambapo uwezo kuzidi kuongezeka kuligeuka kuwa hatari. Ni kweli kwamba aliye mgonjwa hakimbii vizuri, kwa hiyo sehemu ya uhusiano huo huenda inatembea kinyumenyume. Lakini kuna upande mwingine usiobishaniwa: kukaa tu kunaharibu, na kunaharibu haraka. Mwaka 1966 huko Dallas, vijana watano wa umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu wakiwa wazima, na VO2max yao ikaporomoka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwaangusha zaidi kuliko miaka 30 ya uzee.

Taratibu lakini mbali

Hapa tunazungumzia kutembea kwa haraka, mchakamchaka, baiskeli, kuogelea, chochote unachoweza kukifanya kwa nusu saa au zaidi bila kusimama. Kasi yake ni ile ambayo unaweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba huwezi. Kipimo hicho cha maongezi nakipenda kuliko hesabu za mapigo ya moyo. Ile kanuni ya kutoa umri wako katika 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ni makadirio ya jumla mno. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza 208 ukitoa umri mara 0.7, na kwa mtu wa miaka 70 kanuni hizo mbili zinatofautiana kwa mapigo tisa, 150 dhidi ya 159. Hata hiyo ya pili inaweza kumkosa mtu mmoja mmoja kwa zaidi ya mapigo kumi. Mdomo wako haukosei kiasi hicho.

Ushahidi wa njia hii ndio mkongwe kuliko wote. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walilinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta walipatwa na magonjwa ya mishipa ya moyo kwa uchache zaidi, na walipopatwa, yalikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi. Ninachokipenda kwa Morris ni kwamba hakuishia kujipongeza. Miaka mitatu baadaye aliangalia vipimo vya sare walizogawiwa wafanyakazi hao, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana zaidi kuliko makondakta. Huenda basi walikuwa watu tofauti tangu walipoajiriwa. Ndiyo maana ilibidi zije tafiti za miaka mingi baadaye, za kuwagawa watu kwa bahati nasibu katika makundi, kabla ya wataalamu kusema kwa uhakika kwamba ni mazoezi yenyewe yanayofanya kazi.

Ndani ya mwili mambo huanza mapema. Maji ya damu huongezeka katika siku za mwanzo, hivyo moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Baadaye misuli huongeza mishipa midogo ya damu na mitokondria, vile vijinu vya ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kutengeneza nguvu. Hilo la mitokondria lilionyeshwa na John Holloszy mwaka 1967 kwa panya waliokimbizwa kwenye mashine. Na kwa kuwa mazoezi haya hayakuachi hoi, kesho yake unaweza kurudia. Hata mabingwa wanalijua hilo: Stephen Seiler, aliyechunguza ratiba za wanariadha bora wa michezo ya ustahimilivu, aliona kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Watu wenye kasi kuliko wote duniani hutumia muda wao mwingi wakienda polepole, jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza huwa hataki kabisa kulisikia.

Udhaifu wake ni muda, kwanza. Pili, ukibaki kwenye kasi ileile kwa miezi, mwili unaizoea na maendeleo yanasimama.

Kasi kwa vipindi

Hapa unakwenda kwa nguvu kwa muda mfupi, unapumzika au kupunguza mwendo, halafu unarudia. Jina linalozunguka sana mitandaoni ni Tabata, kutokana na utafiti wa Izumi Tabata wa Japani uliotoka mwaka 1996, akifuata mpangilio ambao kocha wa wateleza kwenye barafu, Irisawa Koichi, alikuwa akiutumia. Ni sekunde 20 za kunyonga baiskeli na sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Baada ya wiki sita VO2max ya vijana waliojaribiwa ilipanda kwa mililita 7, na uwezo wao wa kufanya kazi bila kutegemea oksijeni kwa asilimia 28. Kundi jingine lililokwenda taratibu kwa saa moja, siku tano kwa wiki, lilipanda kwa mililita 5, na kwenye kipimo cha pili halikusogea.

Sasa sikiliza yale ambayo video za mtandaoni huyaruka. Wahusika walikuwa vijana wa kiume ambao tayari walikuwa wanamichezo. Nguvu iliyowekwa kwenye baiskeli ilikuwa asilimia 170 ya ile inayomfikisha mtu kwenye VO2max yake, na walinyonga mpaka miguu ikagoma. Halafu siku moja kila wiki walifanya pia nusu saa ya mwendo wa kawaida. Kuruka kamba sebuleni kwa kufuata saa ya sekunde 20 na 10 ni mazoezi mazuri tu, ila usitegemee matokeo ya Tabata kwa kuazima saa yake.

Mpangilio ninaoupendekeza zaidi umetoka Norway na hujulikana kama nne kwa nne. Unapasha mwili moto kwa dakika kumi, kisha dakika nne kwa asilimia 90 hadi 95 ya mapigo yako ya juu, dakika tatu za kupunguza bila kusimama, na unarudia mpaka vipindi vinne vitimie. Dakika ya kwanza ya kipindi cha kwanza inadanganya, maana unajiona unaweza. Ikifika ya tatu unajibu kwa neno moja moja, masikio yanapata joto, na unaanza kuitazama saa kila baada ya hatua chache. Ukiweza kumaliza cha nne kwa kasi ileile ya cha kwanza, umepanga vizuri. Ukifa kwenye cha pili, ulianza kwa papara.

Mwaka 2007 Jan Helgerud na wenzake waliujaribu mpangilio huo kwa vijana 40 wenye afya, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane, wakihakikisha kwamba kazi ya jumla inalingana katika makundi yote. Waliofanya nne kwa nne VO2max yao ilipanda kwa asilimia 7.2. Waliokimbia taratibu hawakubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Ukiishia hapo utasema kasi imeshinda. Lakini mwaka 2016 timu ya Martin Gibala ya Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ilifanya jaribio la wiki 12 na wanaume wasiokuwa na mazoezi kabisa. Kundi moja lilifanya mifyatuko mitatu ya sekunde 20 kwa nguvu zote ndani ya kipindi cha dakika kumi. Jingine lilinyonga baiskeli kwa dakika 45 kwa kasi ya wastani. Yote mawili yalipanda kwa takriban asilimia 19.

Je, tafiti hizi zinapingana? Sioni hivyo. Vijana wa Norway walikuwa tayari wana mazoezi, na mwili uliokwisha kuzoea huhitaji msukumo mkali ili usogee. Wale wa Kanada walikuwa wanatoka sifuri, na anayetoka sifuri hunufaika na karibu kila kitu. Kwa hiyo swali la kasi au taratibu halina jibu mpaka useme umeanzia wapi. Kwa anayeanza, tofauti ya faida ni ndogo, na anachokiokoa kwa kwenda kasi ni muda.

Je, kasi huongeza maisha kuliko taratibu? Hilo lilijaribiwa huko Trondheim, Norway, kwa watu 1,567 wa miaka 70 hadi 77, waliofuatiliwa kwa miaka mitano na matokeo kuchapishwa mwaka 2020. Waliopewa nne kwa nne walikufa kwa uchache, karibu asilimia 3, na waliopewa mwendo wa wastani karibu asilimia 6, lakini kwa hesabu za takwimu tofauti hiyo haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Na kundi la kulinganishia, lililoambiwa tu lifuate ushauri wa kawaida wa taifa, lilikuwa lenyewe na bidii kiasi kwamba pengo halikuonekana. Atakayekwambia kwamba imethibitishwa kuwa kasi huongeza umri kuliko mwendo wa kawaida, amekwenda mbele ya ushahidi.

Jambo moja la kukutuliza kabla hujajilinganisha na mwenzako. Katika utafiti wa HERITAGE, ulioongozwa na Claude Bouchard, mamia ya watu wa familia tofauti walipewa programu moja ya baiskeli kwa wiki 20. Wapo waliopanda kwa zaidi ya lita nzima ya oksijeni kwa dakika, na wapo ambao hawakupanda karibu hata kidogo. Watu wa familia moja walifanana. Rafiki yako anayeng'ara baada ya mwezi mmoja huenda amerithi kuliko alivyojituma.

Vyuma

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na nguvu hupungua kwa kasi zaidi kuliko ukubwa wa misuli yenyewe. Kukimbia hakulizuii hilo vya kutosha. Mtu anaweza kuwa na moyo wa kuhusudiwa na bado ashindwe kuinuka kutoka kiti cha chini bila kujisukuma kwa mikono. Jipime mwenyewe: kunja mikono kifuani, simama na ukae mara tano mfululizo. Sikiliza ni wapi unajirusha badala ya kusimama, na kama unakaa au unaanguka kitini. Kushuka polepole ndiko kunakofichua misuli ya mapaja iliyolala.

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston waliwachukua watu kumi wa makao ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Si uzito wa kubembelezea, bali asilimia 80 ya ule ambao kila mmoja aliweza kuuinua mara moja. Kwa wiki nane, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha mkongojo. Utafiti mdogo, ndiyo, lakini uliua ile dhana kwamba misuli ya mzee haifunzwi.

Kwenye mifupa, tofauti na njia zile mbili inakuwa kubwa zaidi. Baiskeli na kuogelea haviubebeshi mfupa mzigo wa maana, na kutembea kunaubebesha kidogo. Katika jaribio la LIFTMOR nchini Australia, wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua uzito waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliinua vyuma vizito na kufanya mazoezi ya kurukaruka chini ya usimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi minane. Uzito wa mifupa ya uti wao wa mgongo ulipanda kwa takriban asilimia 2.9, na wa waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ukashuka kwa asilimia 1.2. Neno la kushika hapo ni usimamizi. Mwenye mifupa dhaifu asianze kuinua vizito kwa kuiga video.

Wasiopenda jimu wasikate tamaa. Tafiti za maabara ya Stuart Phillips, pia McMaster, zilionyesha kwamba uzito mdogo, hata asilimia 30 ya uwezo wako, hukuza misuli karibu sawa na mzito, ilimradi uurudie mpaka misuli ishindwe. Kwa nguvu tupu, uzito mkubwa bado unaongoza. Lakini pushapu, kuchuchumaa na mikanda ya mpira si mazoezi ya daraja la pili kwa mtu anayetaka misuli.

Vyuma vina mipaka yake: VO2max haipandi sana. Pia ukibana pumzi huku unasukuma, shinikizo la damu hupanda juu sana kwa sekunde hizo, kwa hiyo toa pumzi unaponyanyua, hasa kama shinikizo lako liko juu tayari.

Kuna hofu kwamba mbio huua faida za vyuma. Chanzo chake ni Robert Hickson, ambaye mwaka 1980 aliona nguvu za waliochanganya vyote viwili zikisimama na kisha kushuka mwishoni mwa wiki kumi. Wale watu walikuwa wakifanya vyuma siku tano kwa wiki na mbio au baiskeli kali siku sita. Kama ratiba yako haifanani na hiyo, lala usingizi.

Zikikaa bega kwa bega

Kwa muda, vipindi vya kasi vinaongoza, ingawa ukihesabu kupasha moto na kupoa, nne kwa nne haiko chini sana ya dakika 40. Kwa moyo na pumzi, kasi na taratibu ziko karibu kwa anayeanza, na kasi inatangulia kwa aliyekwisha kujenga msingi. Kwa misuli na mifupa, vyuma havina mshindani. Sukari ya damu hushushwa na zote tatu, maana msuli unaofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa haifanyi kazi ipasavyo. Kupunguza uzito nakuwekea mwishoni makusudi: hakuna iliyo na nguvu kubwa bila kugusa chakula, na tofauti kati yao hapo ni ndogo mno kuwa sababu ya kuchagua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umekaa hivyohivyo. Unataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Hizo mbili zinaweza kubadilishana. Mazoezi ya nguvu, angalau siku mbili, yamewekwa pembeni kama nyongeza, na dakika zozote za kukimbia haziyafidii.

Kwa hiyo, kama hujafanya chochote kwa miaka, anza na kutembea kwa haraka siku tatu au nne na mazoezi ya nguvu ya uzito mwepesi siku mbili. Kasi ije baada ya wiki sita au nane, mara moja kwa wiki. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu akijituma, historia ya moyo, au kisukari cha muda mrefu, aonane na daktari kabla ya vipindi vya kasi; kutembea anaweza kuanza wakati anasubiri miadi, ilimradi hakumletei dalili hizo.

Mwenye nusu saa tatu tu kwa wiki ningempa kasi moja na vyuma mbili, na mwendo wa taratibu autafute kwenye ngazi na safari zake za miguu. Aliyevuka 60 ningempa vyuma kwanza, kabla ya yote, akiwa na mtu wa kumwangalia mkao wake kwa mwezi wa mwanzo.

Na mkimbiaji wa siku tano asiyewahi kushika chuma? Futa mbio mbili za taratibu, zile ambazo hutazikumbuka hata mwisho wa wiki, uweke vyuma. Mbio tatu zilizobaki, mojawapo iwe nne kwa nne. Wiki mbili za mwanzo utashuka ngazi umeshika ukuta kwa maumivu ya mapaja, na muda wako wa kilomita tano huenda ukarudi nyuma kidogo. Vumilia mpaka wiki ya nane ndipo uupime tena.